Nimetuma soo tano kwa grupu ya matanga, mbona bado naskia kama sijaomboleza?

jirani_wa_C7

Wadau niaje, hii kitu imenisumbua wiki nzima na bibi yangu amechoka kuiskia kwa hivyo naileta kwenu.

Hapa kwa ploti yetu Kayole kulikuwa na mzee fundi wa viatu, alikuwa anaketi pale kwa geti na kakiti kake na sindano na ile boksi ya mbao, ameshona viatu za watoto wangu tangu waanze nasari na mara mingi anakataa pesa ati hiyo ni uzi tu enda shule. Jumatatu ya wiki jana akalazwa, Jumanne usiku tukaskia ametuacha. Kabla hata sijapata slipas nishuke kwao floo ya chini yangu simu ikalia, jamaa wa kukusanya kodi ameshafungua grupu ya WhatsApp, picha ya profaili ni mshumaa. Dakika kumi hivi tulikuwa watu 60, kesho yake 117 na nusu yao hata sijui walitoka wapi. Ikawekwa namba ya M-Pesa, ikawekwa bajeti, mochari hivi, sanduku hivi, basi ya kwenda Vihiga hivi, na ile listi ikaanza. Mnaijua ile listi.

Mi nilituma 500 nikiwa bado kwa kitanda, nikakopi listi, nikaongeza "14. C7 – 500 ✅", nikapesti, nikaweka zile mikono za kuomba, nikalala. Na wacha niseme ukweli, nililala fiti kabisa kama mtu amemaliza shifti. Siku ya nne natoka job saa mbili usiku napatana na mjane kwa ngazi amebeba mtungi wa lita 20, juu maji ilikuwa imepotea huku juu na watu wanateka kwa tanki ya chini. Anabeba peke yake, anapumzika kila ngazi tatu. Hapo ndio nikagundua tangu mzee aende sijawahi kanyaga kwake. Nikachukua mtungi nikampelekea. Kwa nyumba kulikuwa na wamama wawili wa kanisa na mjukuu amelala kwa kochi na viatu. Mi nikiwa natafuta maneno ya kusema pole, yeye akaniwahi, akaniambia asante kwa mchango baba. Aliniona kwa listi. Nikajiskia kama nimepewa risiti.

Nikiwa mtoto ushago mtu akiaga watu walikuwa wanalala kwa boma hiyo siku zote, moto nje, wamama jikoni, wazee na stori zao, hata sisi watoto tulikuwa na kazi, kuni na maji. Hakuna mtu aliulizwa ametoa ngapi kwanza, ama pengine waliulizwa na mi nilikuwa mdogo. Sasa swali ni, hii simu imetusaidia ama imetupatia njia rahisi ya kutofika? Na mkisema imetusaidia niambieni mbona huyo mama alikuwa anabeba maji peke yake kwa ploti ya watu 117.

kibarua_wa_indasti

Boss unajitesa bure. Mi ni kibarua hapa Industrial Area, unalipwa siku ukifika getini saa kumi na mbili asubuhi, usipofika kuna watu wamejaa hapo nje wanangojea tu jina lako likosekane. Babangu mdogo alipoaga 2004 nilienda mazishi nikakaa siku tano, nikarudi nikapata mtu mwingine amesimama kwa mashine yangu. Na hiyo pesa ya kwanza ya jeneza nilikuwa nimeituma na utingo wa basi kwa bahasha, ikafika imepungua elfu moja, mpaka leo kwetu kuna watu wanafikiria ni mi nilidanganya. Hiyo ndio kitambo mnalilia.

Mwaka jana mamangu mkubwa akaenda, nikatuma elfu mbili saa nne ya chai, jioni nikapiga simu kwa kila mtu mpaka bando ikaisha, Jumamosi nikasafiri usiku nikazika nikarudi Jumapili, Jumatatu niko getini. Hakuna mtu aliniambia sijaomboleza. Huyo mama kubeba maji sio makosa ya simu, ni makosa ya ploti yenu, na wewe uko kwa hiyo ploti, sema ukweli.

jirani_wa_C7

Hiyo ya mwisho imeingia. Sikatai.

mwalimu_mstaafu

Vijana hamjambo. Nimefundisha historia miaka mingi na nina ugomvi mdogo na nyinyi wote wawili, maana mnaongea ni kama kulikuwa na mila ya matanga imekaa pale tangu Adamu halafu simu ikaja juzi kuivuruga.

Hebu anzeni na reli. Ilifika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901. Kabla ya hapo mtu wa Vihiga alifia Vihiga, akazikwa hapohapo bila kungoja sana, na waombolezaji walikuwa wale wanaoweza kufika kwa miguu. Hakukuwa na neno la "kurudisha mwili nyumbani" kwa sababu mwili ulikuwa tayari nyumbani. Ni reli na kazi za mjini zilizofanya watu wafie mbali, halafu ikaja friji ya mochari, ikaja dawa ya kuhifadhi maiti, ikaja barabara ya lami na basi, ndipo ikawezekana mtu afie Nairobi leo azikwe Vihiga wiki mbili baadaye. Zile wiki mbili za mikutano kila jioni, kamati, mwenyekiti, mweka hazina, ambazo leo tunaziita utamaduni wetu, ni wiki mbili za friji. Zima friji uone kama kuna kamati.

Kwetu Wakikuyu ndiyo kabisa. Mababu zetu wengi hawakuzikwa. Aliyechimbiwa kaburi alikuwa mzee wa hadhi, mwenye mali na uzao, wengine walipelekwa porini wakaachiwa fisi, na hata mgonjwa aliyekaribia kukata roho alitolewa nje asife ndani ya nyumba. Kuzika kila mtu, mtoto kwa mkubwa, kulikuja na wamishenari na sheria za mkoloni. Leo mwambie Mkikuyu yeyote kwamba mamake hatakuwa na kaburi, na msalaba, na picha ya rangi kwa kitabu cha ibada, akuonyeshe cha mtema kuni. Ndani ya vizazi vitatu vinne tu kitu kilichokuwa cha ajabu kimekuwa ndiyo heshima yenyewe.

Na wale wa umri wangu mnakumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 20, 1986, mkewe Wambui akitaka kumzika kwao Upper Matasia, ukoo wa Umira Kager wakitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Wakashtakiana, ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, akazikwa Mei 23, 1987. Hesabuni wenyewe, siku 154. Nchi nzima ilikuwa inabishana kuhusu mila na desturi, kumbe bila ile friji hakungekuwa na kesi hata ya wiki moja, mmoja wao angekuwa ameshazika.

Hiyo M-Pesa mnayoilaumu nayo haikuja kutafuta matanga. Majaribio yake ya 2005, Thika na hapa Nairobi, yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo midogo. Waliopewa simu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 matangazo yakawa ni ya kutuma pesa nyumbani. Sisi ndio tuliivuta ikaelekea nyumbani, kwa sababu tayari tulikuwa watu wa nyumba mbili. Kwa hivyo C7 usiulize simu imefanyia mila nini. Uliza kwenye hii safari tumeacha nini njiani, na kama kuna anayetaka kurudi kukichukua.

nyar_alego

Mwalimu shikamoo na heshima yako lakini umenichokoza. Hata kama ilianza na friji, sasa ni yetu. Mtoto akizaliwa hospitali sio mtoto wa hospitali. Mimi kwetu tukizika mtu tunajua nani analala wapi, nani anachimba, nani hawezi kuchimba, nyumba inaangalia wapi, na hakuna friji ilitufundisha hiyo. Friji ilituongezea tu siku za kungojea watu wa mbali.

Lakini kuna mahali nakubaliana na wewe, hii listi ya C7 sio kitu kipya. Dani yangu, yaani nyanya, alikuwa na redio ya betri za Eveready, na ikifika wakati wa matangazo ya vifo, enzi hizo ni VOK kabla haijaitwa KBC, hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kupumua kwa hiyo nyumba. Kuku akiingia anatupiwa mwiko. Na yale matangazo yalikuwa marefu, marehemu alikuwa baba ya fulani wa Reli Mombasa, kaka ya fulani mwalimu wa shule fulani, mjomba ya fulani wa Nairobi, wote waje nyumbani mara moja bila kukosa. Mtu alikuwa anaskia babake amekufa akiwa kwa hoteli anakunywa chai na redio iko juu ya kabati, na watu wote wa hoteli wanageuka kumuangalia. Na vita zilikuwa hapo, mbona jina langu halikusomwa, mbona bibi wa pili ametajwa wa kwanza. Kuna nyumba mbili kwetu zilinuniana mpaka mimi nikamaliza shule juu ya redio. Sasa leo watu wakigombana ati nimetolewa kwa listi namba 23 mimi nacheka tu.

mwekahazina_sugu

Namba 23!! Dada umenigusa kidonda 😂😂 wacha niwaelezee hiyo kazi juu hamjui.

Nimekuwa mweka hazina wa mazishi mara sita, tatu za familia, mbili za estate na moja ya watu tulisoma nao. Ile listi inafanya hivi. Listi haiko mahali popote, ni meseji tu, kila mtu anakopi ile ya mwisho anaongeza jina lake anapesti. Sasa watu wawili wakikopi wakati mmoja, mmoja anaweka namba 41 ni yeye, mwingine pia anaweka namba 41 ni yeye, wa tatu anakopi ile ya pili, na yule 41 wa kwanza amepotea hivyo, ametoa elfu yake lakini kwa macho ya ukoo hajatoa kitu. Anaona saa nane usiku. Anakupigia saa nane na dakika tano. Hasemi mchango umepotea, anasema "naona mmenitoa kwa familia". Mi sasa nina daftari, naandika na kalamu kila meseji ya M-Pesa ikiingia, jina, pesa, saa, halafu asubuhi na jioni ni mi pekee napesti listi. Nimefunga grupu admini pekee ndio waandike. Walinitukana siku mbili wakazoea. Kwa hivyo mwalimu ongeza hiyo kwa historia yako, tumepewa simu ya kisasa tukarudi kwa daftari ya kurasa 96.

Kuna zile zingine pia. Kuna mtu anatuma skrinshoti ya pesa ya mwezi jana kwa mazishi ingine, amekata pale juu penye tarehe. Kuna mtu anaandika "nimetuma" na hajatuma, anangoja kuona kama nitamuuliza mbele ya watu, na simuulizi, hiyo nimejifunza, mi humwandikia pembeni. Kuna mwenye anatuma 50 bob mara nne juu anapata pesa mos mos akibeba abiria, na huyo jamani ndio huwa naheshimu kuliko yule ametuma elfu kumi akataka itangazwe. Na ukumbuke laini yangu ndio ya familia yote, pesa ikikaribia laki tano inakataa kuingia juu hapo ndio mwisho wa akaunti kubeba, sasa uko na watu wanasema haiingii umefunga simu uko na mpango gani na pesa ya marehemu.

Na ile ya kutoka grupu. Kitambo mtu akitoka ilikuwa inaandikwa hapo kati fulani ametoka, aibu ya kutosha, watu walikuwa wanavumilia tu mpaka mazishi iishe. Tangu 2022 WhatsApp ikafanya ikuwe ni admini tu wanapata notisi. Sasa wanatoka kama panya. Naona peke yangu, nimebeba siri za watu mpaka nimezeeka.

C7, kutuma kwako kulisaidia, usidharau. Mochari haitoi mwili kwa machozi.

kaka_embakasi

Sikuwa nataka kuandika lakini hii ya simu na kuomboleza, wacha niseme.

Mamangu alifariki Juni 2020. Mnakumbuka ile wakati, serikali ilikuwa imesema mazishi ni watu 15 tu, na Nairobi ilikuwa imefungwa hutoki bila kibali. Sistangu ako Doha anafanya kazi ya nyumba, hakuna ndege, na hata ingekuwa pasipoti ilikuwa imeshikwa na mwajiri. Kazini (ni binamu yangu, msishangae, ndio jina tunamwita) akapewa kazi ya kushika simu. Alishika hiyo simu kutoka mwili unatoka kwa gari mpaka mwisho, mkono ukichoka anashika na wa pili, na ushago kwetu netiweki iko mahali pawili tu, kwa mlango wa kanisa na juu ya kichuguu karibu na zizi. Kaburi liko chini ya zizi. Sasa akawa anaenda nyuma nyuma akipanda kichuguu huku sisi tunashuka na jeneza, kwa hivyo sista aliona mazishi ya mamake inazidi kuwa mbali, watu wanakuwa wadogo. Halafu picha ikaganda. Sauti ikabaki. Aliniambia baadaye alisikia mchanga, koleo mbili tatu, akasikia mtu anasema pole pole hapo, halafu ikakata.

Alipatikana tena baada ya dakika ishirini tukiwa tumemaliza. Alikuwa kwa choo ya mwajiri amejifungia, hakuwa anataka watoto wa pale wamuone.

Sasa mnaniuliza simu ilisaidia ama iliharibu. Mi sijui. Bila hiyo simu angepata tu picha baada ya wiki. Na hiyo simu mpaka leo anasema hajazika mamake, anasema alimskia tu akizikwa. Alirudi 2022 likizo ya kwanza, kitu ya kwanza kabla ya kuingia nyumba alienda kwa kaburi akachukua koleo ya babangu akaongeza mchanga kidogo. Hakuna mtu alimwambia afanye hivyo. Tulikaa tu kwa mlango tukamngoja.

kibarua_wa_indasti

Pole sana kaka. Pole.

binti_pumwani

Innalillahi, kaka Mungu amrehemu mama na ampe subra dada yako.

Mimi niongezee ya upande wetu maana naona mnaongea mochari na bajeti na sisi mambo yetu ni mengine. Kwetu Waislamu maiti hailali kama inawezekana, mtu akifa alfajiri adhuhuri tumeshamswalia na tunaelekea Kariokor au Lang'ata. Kwa hivyo hiyo ya mwalimu ya friji haikutubadilisha sana, ila simu imetubadilisha kwa upande wa mbio. Bibi yangu ananihadithia zamani hapa Pumwani habari ya msiba ilitembea na vijana kwa baisikeli na kipaza sauti cha msikiti, anayeishi mbali akija kesho anaambiwa tumeshazika. Sasa ujumbe unaingia saa moja asubuhi, saa saba msikiti umejaa watu wa Kibra, wa South C, wa Eastleigh, kuna wengine hata hawamjui maiti, wamekuja kutafuta thawabu za jeneza. Hapo simu imeleta miguu, haikuleta pesa pekee. Kwa hiyo C7 sidhani ni simu yenyewe ndiyo inawafanya msifike, inategemea ujumbe unasema nini. Wetu unasema saa na mahali. Wenu umesema namba ya M-Pesa.

Ila na sisi tuna yetu. Hitma, ile ya kumsomea marehemu Qurani. Zamani watu walikaa chini kwenye mkeka, juzuu 30 zinagawanywa, kila mtu anasoma yake kwa sauti ndogo, nyumba nzima inavuma kama nyuki, halafu dua, halafu biriani ama mahamri kulingana na uwezo. Sasa hivi inatumwa kwa grupu namba 1 mpaka 30, unachukua yako, "juzuu ya 7 mimi inshaallah", na jioni unaweka tiki. Nimewahi kusoma juzuu yangu ndani ya matatu ya Eastleigh foleni ya Pangani, simu kwa mkono mmoja. Nikamaliza, nikaweka tiki. Bibi akaniuliza, ulisoma na nani? Nikamwambia na wenzangu 29. Akasema, mmoja nitajie alikuwa amevaa nini.

Sikuwa na jibu, kwa hivyo nikamwambia ale mahamri yake.

mwalimu_mstaafu

Binti, ujumbe wenu unasema saa na mahali, wao umesema namba. Hiyo umeiona vizuri kuliko mimi na reli yangu yote. Na nyar_alego, marahaba, nakubali kurekebishwa, mtoto sio wa hospitali.

sauti_ya_roysambu

Kwa kanisa pia imeingia jo. Kwetu sadaka ikifika pasta anasema wenye mmetoa kwa simu inueni simu juu, watu mia mbili wanainua simu, anaombea simu. Mara ya kwanza nilicheka nikakanyagwa mguu na mamangu. Kitambo kikapu kikipita ulikuwa unaweka ngumi ndani hakuna mtu anajua ni soo ama ni shilingi kumi, ile ya mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini. Sasa mweka hazina wa kanisa anajua kila kitu, jina lako, pesa, na dakika. Halafu kuna mwenye anafuliza kutoa sadaka, sasa Mungu amepewa mkopo na riba ni yako. Mnisamehe nimetoka kwa mada.

mwekahazina_sugu

Hujatoka. Nimewahi pokea mchango wa mazishi wa Fuliza na mwenyewe akaniomba nimrudishie mia kesho yake ya kununua unga. Nilimrudishia kutoka mfuko wangu, kwa daftari nikaacha vile ilikuwa.

jirani_wa_C7

Wadau nimerudi, nimesoma yote mara mbili, kaka wa Embakasi hiyo ya mchanga sitaisahau.

Wacha niwape apdeti. Jana nilishuka na bibi yangu tukaingia kwa huyo mama. Bibi akaenda jikoni bila kuuliza, mi nikapewa mtungi nikateka mara nne. Simu yake ilikuwa kwa meza imelazwa uso chini, inatetemeka kila baada ya dakika mbili, pesa zinaingia, na yeye haiguzi. Tukakaa. Sikuwa na kitu ya kusema, kwa hivyo nikauliza ile boksi ya mzee iko wapi.

Ikaletwa. Ndani kulikuwa na viatu za watu. Tulihesabu, jozi kumi na moja na kiatu kimoja pekee yake. Zingine ameshamaliza kushona, ameweka gazeti ndani zisikunjike, zingine bado sindano imening'inia kwa uzi. Hakuwa anaandika jina, alikuwa anajua tu kiatu ni ya nani. Mama akasema hajui atazirudisha aje na hawezi kusafiri nazo, hawezi kumzika mtu na deni za viatu za watu kwa nyumba.

Nikakumbuka yule dada wa Pumwani. Nikazipanga kwa sakafu, nikapiga picha, nikaweka kwa grupu, nikaandika "Viatu zenu ziko hapa B3. Njoo uchukue mwenyewe, haitumwi." Hakuna namba nikaweka. Nikakaa nikafikiria hakuna mtu atashuka juu ya raba ya 300.

Wa kwanza alikuja dakika tano, kijana wa juu kabisa mwenye sijawahi ongea na yeye miaka mitatu. Akachukua kiatu, akaangalia uzi, akakaa chini kwa sakafu juu viti zilikuwa zimeisha, akaanza kusema vile mzee alimkopesha kiatu ya mtu mwingine aende intavyu, akarudisha jioni mwenyewe hajajua. Mama akacheka. Sijamuona akicheka tangu Jumanne ile. Halafu wakaja wengine, wawili, mmoja, mama na watoto, na kila mtu anakuja na stori ya kiatu yake. Mpaka saa tano usiku kulikuwa na watu kwa ngazi wamekaa, chai ilipikwa sufuria tatu, sukari ikaisha ikatoka kwa D4. Wenye hawakuwa na kiatu pia walikuja, sijui walikuja kuchukua nini.

Imebaki tu ile moja, nyeusi ya shule, mguu wa kushoto, namba tatu, imeshonwa upande moja. Kama ni ya mtoto wako na uko humu, iko kwangu C7. Basi ya Vihiga inatoka Ijumaa saa mbili usiku hapo kwa steji, kuna nafasi tisa.

kibarua_wa_indasti

Niwekee moja. Jumapili usiku lazima niwe nimerudi.